Mkeka Unaong'aa Ndio wa Kuogopwa

"Mwalimu, tuweke shaini?"

Swali hilo hulikosi ukipeleka gari kuoshwa mjini Kitale, uwe mwalimu kweli au mkulima wa ekari tatu za mahindi. Kijana ameshamaliza bodi, vioo vinameta, na mikeka minne ya mpira imeanikwa juu ya ua wa seng'enge. Mkononi ana chupa ya soda iliyotobolewa kifuniko, ndani yake kuna maji mazito meupe. Wengi hujibu "weka" huku wakiendelea na simu. Muda si muda mikeka ni myeusi tititi, inang'aa kama viatu vya askari wa gwaride, na mwenye gari anaondoka ameridhika. Akifika kwenye tuta la kwanza anakanyaga breki, kisigino kinateleza.

Makala haya yanautetea mkeka uliofifia. Mkeka mzuri wa mpira hauna mvuto: umepauka kidogo, ni mkavu juu na chini, na umeshikwa sawasawa sakafuni. Kazi yake ni kuchafuka ili gari lisichafuke. Lakini tumeufanya pambo, tunauremba upande unaoonekana na kuusahau upande unaolala kwenye zulia, na huko ndiko hasara inakoanzia.

Tuanze na tope, kwa kuwa kaunti yetu ya Trans Nzoia bila tope haipo. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Mlima Elgon upande mmoja na vilima vya Cherangani upande wa pili. Mvua huanza Machi au Aprili na haina haraka ya kuondoka hadi Oktoba. Ndiyo inayoipa kaunti sifa ya ghala la mahindi, na ndiyo inayogeuza njia za ndani za Endebess, Kwanza na Saboti kuwa uji. Udongo mwingi wa huku ni mwekundu kwa sababu ya oksidi ya chuma, na una mfinyanzi mwingi. Chembe ya mfinyanzi haifikii hata sehemu mbili za elfu moja ya milimita, kwa hiyo hupenya kila mstari na kila kitundu cha mkeka. Ikiloa hunata, ikikauka huganda.

Magari yetu mengi hayakutengenezewa hali hiyo. Probox, Fielder na Noah zinazojaa barabarani zimekuja mitumba kutoka Japani, nyingi zikiwa na mikeka ya kitambaa iliyozoea viatu vya lami. Msimu mmoja wa kupanda unatosha kuimaliza. Ndipo mwenye gari anakwenda dukani kutafuta mpira.

Ukishuka kwenda Bungoma kwa njia ya Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, kisha ukapitia Bukembe hadi Kanduyi, unakuwa umeshuka karibu mita 500. Joto linaongezeka na mizigo inabadilika. Huku juu mkeka hubeba tope, mbolea na maziwa, na kule chini hubeba vumbi, maji ya miwa na kuku. Hasa kuku. Disemba ikifika, mtu aliyewatembelea wakwe upande wa Chwele au Bumula haruhusiwi kuondoka mikono mitupu, na jogoo aliyefungwa miguu hulazwa nyuma ya kiti cha dereva hadi mwisho wa safari. Ina heshima yake, desturi hiyo, ila mkeka ndio unaolipa. Kuna na Agosti ya kila mwaka wa shufwa, msimu wa tohara ya Wabukusu, ambapo kijana hupakwa tope baridi mtoni alfajiri kabla ya kukabili kisu. Tope lile lina maana yake na watu wake. La kwenye viatu vya wageni wanaorudi mjini usiku wa manane ni uchafu tu, na asubuhi linamsubiri mwenye gari.

Kuosha kwenyewe si kazi ngumu, ila kuna mpangilio. Toa mkeka nje ukiwa umeukunja kingo kwa ndani, uchafu usimwagike kwenye zulia. Kama ni tope bichi na huna haraka, liache likauke kwanza. Ukilisugua likiwa bichi unalisukuma zaidi ndani ya mistari. Likikauka, uupige mkeka kwenye shina la mti au ukutani, na sehemu kubwa itadondoka yenyewe kabla hujatumia hata kikombe cha maji. Kisha uusimamishe ukutani, uumwagie maji matupu kutoka juu kwenda chini. Sabuni inafuata baada ya hapo: ya maji, ile ya kuoshea vyombo, au ya kipande iliyokwanguliwa na kuyeyushwa. Brashi ya kufulia nguo inatosha. Brashi ya waya huchana mpira na kuacha mikwaruzo inayoshika uchafu mara mbili.

Sabuni ya unga nayo inatoa povu la kupendeza, na vijana wa kuosha magari wanaipenda kwa kuwa ni rahisi kupata. Ubaya wake ni kwamba aghalabu haisuuzwi ikaisha. Kinachobaki hukauka bila kuonekana, na siku ya mvua mtu akiingia na kiatu kilicholowa, utelezi unaamka. Suuza mpaka maji yatoke bila povu. Kwa mashine ya presha, simama mbali kiasi cha urefu wa mkono. Ukiisogeza karibu sana inapasua kingo na kung'oa ile pedi ya kisigino iliyogandishwa upande wa dereva.

Halafu geuza mkeka. Mgongoni kuna vichuchu vidogo vinavyouma zulia na kuuzuia mkeka usitembee. Vikijaa udongo haviumi tena, na mkeka unaanza kusogea mbele kidogo kidogo kila unapokanyaga. Simama dakika tano kwenye eneo lolote la kuoshea magari, uhesabu ni mikeka mingapi inageuzwa. Kama muda au maji ni haba, mimi ningechagua kuosha mgongo na kuiacha sura na vumbi lake.

Maziwa yakimwagika, anza na maji baridi. Maji moto huipika protini na kuigandisha kwenye mpira, kisha harufu inakaa wiki nzima. Kinyesi cha kuku nacho usikikwangue kikiwa kikavu, maana vumbi lake hubeba vijidudu kama salmonela. Kilowanishe, kiondoe kwa maji na sabuni, kisha nawa mikono. Bora zaidi, jogoo asafiri ndani ya katoni.

Petroli, dizeli na mafuta taa zisikaribie mkeka kamwe. Wapo wanaoziamini, kwa sababu ukipaka mafuta taa mpira unarudi kuwa mweusi papo hapo. Unachokiona ni mpira unaovimba. Mpira wa asili na ule wa viwandani unaotumika sana kwenye mikeka hunywa mafuta ya jamii hiyo, hulainika, na mafuta yakishakauka hubaki umelegea na kuanza kupasuka. Harufu nayo inabaki ndani ya gari lililofungwa vioo, na hatari ya moto haihitaji maelezo. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe pia hula mpira, kwa njia yake.

Sababu ya yote hayo imo katika historia ya mpira wenyewe. Utomvu wa mti ukiachwa hivi hivi hunata kwenye joto na kukakamaa kwenye baridi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukipashwa moto pamoja na salfa unakuwa imara, na mwaka 1844 akapata hataza. Salfa hufunga nyuzi za mpira pamoja, ila haizikingi na jua wala na ozoni iliyomo hewani, ambazo huzikata polepole. Ndiyo maana watengenezaji huchanganya nta na dawa za kuzuia ozoni, na dawa hizo hujipenyeza taratibu kutoka ndani hadi juu ya uso. Ule ukungu wa kijivu au wa kahawia unaouona kwenye mkeka, na kwenye tairi pia, mara nyingi ni huyo mlinzi akiwa kazini. Anayeusugua kwa petroli ili mkeka "urudi upya" anamfukuza mlinzi mchana kweupe.

Jua la Kitale lina ujanja. Upepo ni baridi, watu wamevaa majaketi, basi hakuna anayelihofia. Lakini miale ya urujuani mno huongezeka kwa asilimia 10 hadi 12 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo mkeka ulioanikwa Kitale unapigwa kwa nguvu zaidi kwa karibu moja ya tano kuliko ulioanikwa Mombasa ufuoni. Mkeka unaoachwa juu ya seng'enge tangu asubuhi hadi mwenyewe atoke kazini jioni umezeeka siku hiyo. Tena miiba ya seng'enge huutoboa. Uning'inize kivulini penye upepo, ufute kwa kitambaa, na haitachukua muda kukauka. Kuuanika juu ya boneti ni kosa la pili: punje za mchanga zilizobaki mgongoni zinakwaruza rangi ya gari.

Sasa shaini. Dawa nyingi zinazouzwa kwa kung'arisha dashibodi na matairi zina silikoni. Silikoni si sumu kwa mpira, ila ni laini kuliko inavyofaa chini ya mguu, na makopo mengi yameandikwa wazi kwamba isipakwe kwenye pedali, usukani wala mahali pa kukanyaga. Maandishi hayo ni madogo, na kwenye chupa ya soda iliyojaziwa kutoka kwenye mtungi hayapo kabisa. Kwa mkeka wa dereva, jibu la "tuweke shaini?" ni hapana. Kwa mikeka ya abiria, ukishindwa kuvumilia, tafuta dawa yenye asili ya maji, ipake kidogo, isubiri kidogo, kisha ifute kwa kitambaa kikavu mpaka kidole kikipitishwa kikwame badala ya kuteleza.

Wapo wanaotumia glisirini, ile inayouzwa dukani kwa ngozi iliyokauka. Haidhuru mpira, hilo ni kweli. Ila huvuta unyevu na vumbi, na inateleza. Mahali pake ni kwenye mipira ya milango, ambako matone mawili matatu yaliyopakwa kwa kitambaa huzuia mlango kugandana na fremu. Hapo ni pesa iliyotumika vizuri.

Mkeka wa mpira hauruhusu maji kushuka. Ndiyo sifa yake, na ndiyo kasoro yake, kwa sababu hauruhusu unyevu ulio chini kupanda ukatoka. Maji yakipata upenyo pembeni, au mkeka ukirudishwa haujakauka mgongo, yanaingia kwenye zulia, na chini ya zulia kuna sponji nene inayoweza kuyahifadhi kwa wiki kadhaa. Chini ya sponji kuna bati. Asubuhi unakuta vioo vimefunga ukungu kwa ndani, gari linanuka kama nguo zilizosahaulika kwenye beseni, na siku moja taa ya mfuko wa hewa inawaka kwenye dashibodi. Fundi akichungulia chini ya kiti anakuta soketi ya njano ya nyaya za mfuko huo imeingia kutu.

Trans Nzoia ina kitu cha kuongezea juu ya maji: mbolea. Machi na Aprili ni DAP, Mei na Juni ni CAN, mifuko ya kilo 50 ikipangwa nyuma ya Probox viti vikiwa vimelazwa. Mfuko hauhitaji tundu kubwa. Punje chache zinabingirika chini ya mkeka na kutulia huko. CAN ni chumvi inayovuta unyevu kutoka hewani, hata bila mvua hujilowanisha yenyewe. Ikishayeyuka inashuka hadi kwenye bati na kuharakisha kutu kupita maji matupu. Kwa hiyo baada ya kubeba mbolea usikimbilie mpira wa maji. Toa mikeka, fagia punje kwa brashi kavu au zifyonze kwa mashine, pembeni mwa reli za viti na kwenye kona za sakafu, ndipo uoshe. Ukitanguliza maji unaziyeyusha na kuzipeleka kulekule usikotaka zifike.

Kupima unyevu hakuhitaji kifaa. Chukua gazeti la jana, likunje mara nne, liweke juu ya zulia mahali mkeka unapolala, ulikanyage kwa uzito wote kwa nusu dakika. Likitoka na doa la maji, mikeka isirudi. Fungua milango saa sita mchana, inua zulia kwa kadiri linavyoinuka, ingiza kitu chini yake hewa ipite. Magari mengi yana vizibo vya mpira kwenye bati la sakafu, na fundi anaweza kuvitoa maji yakamwagika, mradi akumbuke kuvirudisha. Gazeti hilohilo hufaa kunyonya unyevu chini ya mkeka usiku mmoja. Lisikae wiki, kwa sababu likiloa linageuka kuwa sponji nyingine. Na lisitandikwe juu ya mkeka wa dereva, kama wanavyopenda wenye magari mapya, kwani karatasi chini ya kiatu haishiki.

Kwenye matatu hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa sakafu yote ni kipande kimoja cha mpira kilichogandishwa kwa gundi na kupigiwa skrubu. Hakitolewi. Ndoo ya maji inamwagwa kila jioni, maji yanapita kwenye matundu ya skrubu, na utajua bati limekwisha siku kiti kinapoanza kucheza.

Maji hayo yote ya kuoshea huenda mahali. Mto Nzoia hukusanya mito ya Elgon na Cherangani, hupita karibu na Webuye, na kumwagika Ziwa Viktoria upande wa Bunyala, mahali panapojulikana kwa mafuriko kila mvua ikizidi. Ukiosha mikeka kijitoni, udongo, sabuni na oili vinawafuata watu wanaochota maji kule chini. Kanuni za ubora wa maji zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999 zinakataza kuchafua mito namna hiyo. Ndoo mbili na kipande cha nyasi mbali na mto zinatosha.

Kuna jambo moja la kuwekea msisitizo, na linatoka mbali. Tarehe 28 Agosti 2009, karibu na San Diego, California, gari aina ya Lexus ES 350 lilikimbia bila kuzuilika na watu wanne waliokuwamo wakafa. Lilikuwa gari la kuazimwa kutoka kwa muuzaji. Wachunguzi waligundua kwamba ndani yake palikuwa na mikeka mizito ya mpira iliyotengenezewa modeli nyingine, haikufungwa kwenye vishikizo vyake, na mkeka wa dereva ulikuwa umenasa pedali ya mafuta. Mwezi uliofuata Toyota iliwaambia wenye magari yapatayo milioni 3.8 nchini Marekani watoe mkeka wa dereva mara moja, na hapo ndipo ulipoanza msukosuko mkubwa wa kuyaita magari yarudi kurekebishwa katika historia ya kampuni hiyo.

Kosa lile tunalifanya kila siku, Kitale na Bungoma. Mkeka wa Noah umewekwa kwenye Probox kwa sababu "unaingia". Mkeka wa mpira umelazwa juu ya wa kitambaa, ambao uko juu ya zulia, tabaka tatu chini ya pedali moja. Au gari linatoka kuoshwa na mikeka imerudishwa harakaharaka, wa abiria upande wa dereva. Kabla ya kuwasha injini, inama utazame. Chini ya mguu wa dereva uwepo mkeka mmoja tu, na vile vishikizo viwili ambavyo Wajapani waliviacha sakafuni viwe vimeingia kwenye matundu yake. Bonyeza pedali ya mafuta hadi mwisho kwa mkono, uiachie, uone kama inarudi bila kugusa ukingo wa mkeka. Mkeka usio na matundu, hata ukiwa na bei nzuri, unafaa nyuma.

Ukienda kununua, ujue kwamba mingi inayoitwa mpira ni plastiki. Kunja kona ya mkeka, uishike kidogo, uiachie. Mpira hurudi ulivyokuwa, plastiki hubaki na mkunjo na mara nyingi harufu kali. Plastiki ya bei ndogo hukakamaa kwenye baridi ya asubuhi ya Kitale na kuinua kingo zake juu, na ukingo ulioinuka karibu na pedali ni hatari ileile ya California kwa sura nyingine. Uzito nao ni kipimo: mkeka wa mpira wa kweli haupepei mikononi kama karatasi. Ukingo wake uwe umenyanyuka kidogo pande zote ili maji yabaki ndani kama kwenye sinia.

Mkeka ukishapasuka pale kisigino kinapokaa, usiuache upande wa dereva. Tundu hushika kiatu, hasa cha kisigino kirefu, wakati mguu unatoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki. Upeleke kwenye buti chini ya mifuko ya mbolea, au mpe mtu wa bodaboda anayetafuta kipande cha kukata kinga ya tope ya tairi la nyuma. Wapo wanaoutandika mlangoni mwa zizi, ng'ombe asiteleze wakati wa kukamuliwa, na huko huendelea kutumika miaka mingi bila mtu kuuliza kama uwekwe shaini.